Sauti ya Ensio Ilikuwa Kwenye Diski

Kabla hujafuta kitu kwenye kompyuta ya mtu, muulize mwenyewe. Usimuulize mama yake. Mimi niliulizwa, nikajibu nisichokijua, na mpaka leo binti yangu Kaisu hawezi kukunja vidole viwili vya mkono wa kulia.

Ilikuwa laptopu ndogo, upana wake kama wa daftari, mali ya mwanangu Urho. Aliiacha kabatini kwenye nyumba yetu ya ziwani tangu baba yao, Ensio, alipofariki. Ilikuwa nzito kuamka. Ukiiwasha unachemsha kahawa, unakunywa, unaosha kikombe, bado inazungusha tu. Urho mwenyewe alikuwa akisema konokono angefika mjini na kurudi kabla haijafunguka.

Kaisu anayajua mambo hayo. Jumamosi moja ya Novemba akasema ataiwekea Linux, mfumo ule mwepesi wa kuendeshea mashine dhaifu, ili nipate pa kusomea habari. Flashi ya kwanza ilikataa, mashine ilikuwa ya zamani mno. Akatafuta toleo jingine, akahangaika nalo asubuhi nzima. Mwisho mashine ikamwuliza, ifute diski yote? Akanigeukia.

"Mama, humu kuna kitu cha kaka?"

Nilikuwa namenya viazi. Nikamwambia hamna kitu, takataka tu. Akabonyeza.

Kufikia saa sita mchana ilikuwa inafunguka kabla hujakaa vizuri kitini. Kaisu kwa furaha akampigia Urho, aliyekuwa porini na wenzake wakiwinda paa wakubwa wa misitu ya huku kaskazini. Urho akacheka, kisha akauliza video za baba amezihamishia wapi. Kaisu akasema zipo. Alipokata simu akaniambia alichoulizwa.

Zilikuwa video kumi na moja, Ensio akiongea, akicheka. Hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote duniani.

Kaisu akaizima mashine palepale, akanikataza kuigusa. Alisema kilichofutwa bado hakijapotea, mradi hakuna kitakachoandikwa juu yake, na mjini yuko fundi anayeweza kukitoa. Urho aliporudi jioni, Kaisu alitaka kumwambia palepale uani, ufunguo wa gari mfukoni, tayari kuipeleka kwa fundi. Mimi nikamkatalia. Kwetu sauna, chumba cha kuogea mvuke, huingiwa kama kanisa, hakuna anayepandisha sauti mle, na wanangu niliwalea hivyo. Nikamwambia, mwambie saunani.

Basi tukakaa kwenye benchi watatu, tumejifunga taulo, nikayamwagia maji mawe ya moto yaliyo juu ya jiko. Kaisu akaanza.

"Kaka, nimezifuta. Sikujua. Lakini nisikilize..."

Hakumaliza. Urho alimkaba koo akamgongesha kichwa ukutani mara mbili. Kaisu akipapasa pa kujishikilia, mkono wake ukatua juu ya mawe ya moto. Nilisikia nyama ya mwanangu ikichomeka, na harufu nikaipata. Nilimpiga Urho kichwani kwa kata ya shaba, damu ikamtoka ikamwingia jichoni. Hakunigeukia hata. Alisema polepole, "Umemuua mara ya pili," kisha akamwachia, akatoka.

Taulo ikamdondoka, akatembea uchi kwenye theluji hadi ndani ya nyumba, akarudi na laptopu, akailaza juu ya gogo la kupasulia kuni, akaling'oa shoka. Kaisu akamfuata mbio, mkono ameuinua juu.

"Usiivunje diski. Bado zimo humo. Zimo, kaka."

"Hata mchana uliniambia zipo."

Shoka likashuka. Kaisu akamrukia mgongoni, naye akamtupia mpini nyuma bila kuangalia. Taya la Kaisu likavunjika, meno matatu yakadondoka thelujini. Nilichukua ukuni nikampiga mwanangu wa kumzaa kwenye magoti, nikampiga tena, akaanguka, na akiwa chini bado alikuwa akikatakata. Hakuacha mpaka diski ikawa vigae vinavyong'aa kama kioo.

Majirani wa ng'ambo ya ziwa ndio walioita polisi.

Yule fundi wa mjini nilimpelekea vigae kwenye mfuko wa mkate. Akanirudishia. Akasema Linux ile hukalia kona ndogo tu ya diski, na kama ingeletwa nzima, video zingetoka, labda zote. Wewe unayesoma, nakili kwanza, ndipo ufute. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo kwamba umekosea. Mtu aliyekwisha kudanganywa mara moja haamini ukweli unapokuja.

Siku Urho aliposomewa hukumu nilimweleza hayo kwenye korido ya mahakama, maana alistahili kujua. Polisi aliyemshika akasimama akatungoja. Urho hakulia. Aliniuliza kama nakumbuka baba alivyokuwa akiita mbwa arudi kutoka msituni.

Nikafungua kinywa nimwonyeshe. Iliyotoka ilikuwa sauti yangu.