Chumba cha Kivulini

Mwaka ule joto lilianza mapema na halikuwa na haya. Asubuhi watu walikuwa bado wanapiga miayo na tayari mashati yameshawagandia mgongoni. Maji ya bomba yalitoka ya moto hadi ukitaka kuoga ilibidi uyakinge kwanza kwenye ndoo, uyaache yapoe kama uji. Mishumaa ilijikunja kabatini kama watu waliochoka kusimama. Muuza duka wa kona alisema nzi wa dukani kwake wameacha kuruka, siku hizi wanatembea kwa miguu, na hakuna aliyembishia.

Aliyefaidika ni kinyozi peke yake. Wanaume waliokuwa wamebembeleza nywele zao miaka nenda rudi, leo punguza pembeni, kesho chonga mbele, waliingia mmoja mmoja, wakajibwaga kitini na kusema neno moja tu: zote. Msimu ulipokolea, mtaa ulijaa vipara vinavyong'aa, hata mtu akimwita mwenzake kwa nyuma hugeuka mwingine. Kinyozi aliwatania wateja wake, akakipa kila kichwa sifa zake, na saluni ikajaa vicheko kutwa nzima. Jioni akishusha mlango wa saluni, utani wote ulibaki mle ndani. Nyumbani alifika mtu mwingine.

Nyumbani alikuwapo mkewe, fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya bati lililokuwa likitoa mlio kila jua lilipopanda. Alishona huku taulo likiwa shingoni, na baada ya kila mshono alijipaka poda viganjani ili jasho lisiharibu kitambaa cha watu. Siku moja tone lilimponyoka, likatua kifuani mwa gauni la bibi harusi, mahali penyewe macho yanapoanzia. Akashonea ua la kitambaa juu yake. Bibi harusi alipokuja kuchukua gauni alilisifia lile ua kuliko kazi nyingine yote.

Nyumba yao ilikuwa na sebule na vyumba viwili. Chumba chao cha kulala kilitazamana na jua la alasiri, na ukuta wake ukiugusa hata giza likishaingia ulikuwa na uvuguvugu kama ubavu wa ng'ombe. Humo ndimo walimolala, kila mmoja ukingoni mwa kitanda, feni ikiwaletea hewa ileile iliyokwisha kuwachosha. Chumba cha pili kilikuwa upande wa jirani mmoja aliyejenga ghorofa na kuwazibia mwanga. Wakati ghorofa linapanda, kinyozi aligombana naye mpaka wakaacha kusalimiana. Lakini ghorofa lile ndilo lililokipa chumba kivuli tangu asubuhi hadi jioni. Katika nyumba nzima, pengine katika mtaa mzima, hapakuwa na mahali pa baridi kama pale.

Na hakuna aliyeingia. Kilikuwa chumba cha binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyeitwa Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla hajatambaa sawasawa, na tangu hapo hakuwahi kunyamaza. Aliugua ghafla akiwa kidato cha pili. Baba yake alimbeba mikononi akamkimbiza hospitali, na mtoto hakurudi. Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kutawanyika, mama alifunga dirisha la chumba kile, akafunga na mlango, akautundika ufunguo shingoni kwa kamba ya uzi wa kufumia. Hakumwambia mtu sababu. Sababu yenyewe ilikuwa harufu. Mtoto alikuwa ameacha harufu yake mle ndani, ya mafuta ya nywele na sabuni na madaftari, na mama aliona kuwa mlango ukifunguka itatoka ipotee barabarani.

Kinyozi naye alikuwa na maelezo yake. Aliamini mkewe amemfungia yeye. Yeye ndiye aliyetoka na mtoto kwenye mlango ule, na yeye ndiye aliyerudi mikono mitupu. Basi hakuuliza, na mkewe hakusema, na mwaka ukapita hivyo. Majirani nao walitatizika. Mwanzo walikuwa wakimwita mama yule Mama Kasuku, sasa jina likawakwama kooni, na taratibu wakahamia kumwita Fundi. Aliyasikia mabadiliko hayo na akayaacha yapite.

Joto likiwa limefika kileleni, mama yake kinyozi akaja kukaa kwao kwa sababu nyumba yake ilikuwa inaezuliwa ili ibadilishwe bati. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye maneno mengi na hofu kubwa ya jua. Alitembea na mwavuli hata kutoka mlango wa jikoni hadi chooni. Mchana alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji, akakaa hapo kama jaji na kutoa amri za nyumba nzima. Joto alilizungumzia kama mgeni asiye na adabu. "Leo kaamka mapema huyu," alikuwa akisema, au, "Msimfungulie mlango, anataka kuingia." Alitandikiwa godoro sebuleni, kando ya cherehani. Alikipita chumba kile kilichofungwa mara nyingi kwa siku, na kwa mtu aliyezoea kuuliza kila kitu, hicho hakukiuliza.

Kisha umeme ukakatika, feni zikasimama. Siku ya kwanza mama mkwe alilalamika hadi koo likamkauka. Siku iliyofuata, mchana, alinyamaza, na ukimya wake ndio uliomfanya mshonaji ainue kichwa kutoka kwenye cherehani. Alimkuta amelala chali, ngozi kavu na inachoma, akimwambia marehemu mumewe amsogezee kiti kivulini. Mshonaji alimmwagia maji, akakimbilia zahanati ya karibu na kurudi na muuguzi. Muuguzi alimpima, akamnywesha maji yenye chumvi na sukari, kisha akatazama juu kwenye bati.

"Mkimwacha hapa mtampoteza," alisema. "Hamna chumba chenye hewa?"

Mshonaji aliushika ufunguo uliokuwa kifuani. Halafu akaivua kamba shingoni.

Mlango ulikuwa umevimba, ikabidi ausukume kwa bega. Ubaridi ulimpokea usoni. Alivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayeibuka majini, na hakukuta kitu. Kulikuwa na harufu ya vumbi na ya mbao zilizokaa. Mwaka mzima alikuwa amelinda chumba kitupu. Alikwenda moja kwa moja kitandani akapiga magoti, akaweka pua kwenye mto. Hapo ilikuwapo bado, kidogo sana, harufu ya yale mafuta ya nywele yaliyokuwa yakimgombanisha na mtoto kwa kuchafua foronya. Aliuchukua ule mto akauficha kabatini, nyuma ya sare za shule, akaenda kuleta mwingine wa kitandani kwake. Aliporudi, muuguzi alikuwa tayari amefungua dirisha.

Habari zilimfikia kinyozi saluni, naye akatoka mbio, akamwacha mteja na nusu ya kichwa. Alifika mlangoni mwa chumba akasimama hapohapo kwenye kizingiti. Mama yake alikuwa amelala kwenye kitanda cha Kasuku, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, macho yamerudi na akili.

"Nani amefungua?" kinyozi aliuliza.

"Mimi," mkewe alisema.

Aliitikia kwa kichwa. Mama yake akamwambia kwa sauti ndogo aingie, au anasubiri auziwe tiketi. Hakuingia. Alisimama kidogo, akauliza kama dawa zinahitajika, akaambiwa hapana, maji tu na kivuli. Akarudi kumalizia ile nusu ya kichwa.

Mama mkwe alipona haraka, na kupona kwake kulianzia mdomoni. Alikisifia kile chumba asubuhi na jioni. Alimwita yule jirani wa ghorofa kupitia dirishani, akamshukuru kwa kujenga juu na kumhimiza aongeze ghorofa nyingine. Alikoroma mpaka vioo vikatetemeka. Mshonaji alimpelekea chakula na maji, akavumilia kuona miguu mizito kwenye shuka lile, khanga na chupa za maji vikitanda juu ya meza ya kusomea. Kila alipopata nafasi alifungua kabati, akaingiza uso nyuma ya sare, akafunga.

Kilichotokea baadaye kilitokana na wema. Mshonaji alikwenda sokoni kununua uzi na zipu. Mama mkwe, nguvu zimemrudia na aibu ya kuhudumiwa imemzidi, aliamua kumpunguzia kazi mke wa mwanawe. Akakusanya mashuka, akakusanya mataulo, na akitafuta cha kujalizia beseni akafungua kabati.

Mshonaji aliporudi aliiona kwenye kamba ya nguo kabla hajafika uani. Foronya ya njano yenye maua ya samawati, imebanwa kwa vibanio viwili kati ya mataulo. Kwa jua lile ilikuwa imeshakauka na kukakamaa kama karatasi. Aliitoa kwenye kamba, akaisogeza usoni. Ilinukia sabuni na jua. Akakaa chini palepale alipokuwa, kwenye udongo unaochoma, katikati ya uwanja usio na kivuli.

Mama mkwe alimwona kupitia mlango wa jikoni, akamwita atoke juani. Akamwita tena, kisha akaona alichokishika na jinsi alivyokishika. Alitoka bila mwavuli. Ilimchukua muda kuyakunja magoti yake, lakini alishuka hadi akakaa chini kando yake, jua likimpiga utosini.

"Ilikuwa na harufu yake bado," alisema. Hakuwa anauliza.

"Kidogo."

"Mimi nilidhani umeisahau. Nikasema nikufulie, maana umenihangaikia."

"Najua, mama."

"Basi nitukane, mwanangu. Nitukane nisikie."

"Siwezi."

Mshonaji akaanza kulia. Msibani alikuwa amelia kama watu wanavyolia msibani, huku akishikwa huku na huku na kupewa maji. Safari hii hakushikwa na mtu. Alilia kwa sauti mbaya, mdomo wazi, foronya kifuani, na mama mkwe hakumwambia anyamaze wala hakusema ni kazi ya Mungu. Alilia naye, akimtaja mjukuu wake kwa lile jina ambalo nyumba ile ilikuwa haijalisikia mwaka mzima. Kasuku wangu. Kasuku wangu.

Kinyozi alipokuja kula mchana aliwakuta hivyo, wote wawili wamelowa jasho na machozi. Hakuelewa, lakini aliwainua. Alianza na mama yake kwa kuwa alikuwa mzito, akampeleka kitandani kwake kwenye kile chumba, na hivyo ndivyo alivyovuka kizingiti, bila kufikiri. Akarudi kumchukua mkewe. Walipokuwa wote ndani, mkewe alimweleza habari ya harufu, mwanzo hadi mwisho.

Kinyozi alikaa sakafuni, akaegemea ukuta wenye baridi.

"Mimi nilijua umenifungia mimi," alisema.

"Wewe? Kwa lipi?"

"Mimi ndiye niliyemtoa."

Mkewe alimgeukia. "Ulimbeba unakimbia," alisema. "Nilikuona. Kiatu kilikuvuka mguuni pale kwenye kona na hukugeuka kukiangalia."

Kinyozi aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Mama mkwe, pale kitandani, aliwageuzia mgongo na kuanza kukoroma ili wapate faragha, na kukoroma kwake kwa uongo kulikuwa kwa adabu kabisa, tofauti na kule kwa kweli.

Isingekuwa sahihi kusema mambo yalitengemaa. Mshonaji alichelewesha kazi za watu siku kadhaa kwa sababu hakuweza kutazama kitambaa cha njano. Kulikuwa na asubuhi ambazo kinyozi alifika hadi mlangoni mwa saluni, akakaa kwenye ngazi bila kufungua. Lakini walikuwa wanaambiana. Mmoja alisema leo ni mbaya, mwenzake akajua ni mbaya kwa kitu gani. Mama mkwe aliondoka bati lake lilipokwisha kuezekwa, akilalamika kwamba jipya linachoma kuliko la zamani, na akaacha beseni lake la miguu kwa ahadi ya kulifuata. Mvua ilichelewa. Joto liliendelea kukaa juu ya mtaa kama kifuniko juu ya sufuria, na mshonaji akahamishia cherehani yake kwenye kile chumba, chini ya dirisha.

Jumamosi moja msichana wa shule alikuja peke yake kupimwa sketi. Alikuwa ametembea juani, pua inameta kwa jasho. Alipoingia tu alifumba macho akashusha pumzi.

"Humu kuna baridi," alisema. "Chumba cha nani?"

"Cha binti yangu."

"Yuko shule?"

Mshonaji alikuwa na futi ya kupimia mkononi. Kwa mwaka mzima na zaidi watu wengine walikuwa wamemsemea neno lile, majirani, mashemeji, wageni kwa wageni wenzao.

"Amefariki," alisema. "Alikuwa rika lako."

Msichana hakujua afanye nini na mikono yake. Akasema pole, mama. Mshonaji akapokea, akamwambia anyooshe mgongo na asibane tumbo. Alizungusha futi kiunoni mwake, akasoma namba, kisha akaisoma tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuiona.