Muhuri Mwekundu Ubavuni mwa Faili

Mume wa fundi cherehani alikuwa hoi wodini, akisubiri kupasuliwa. Karani alipogonga muhuri mwekundu ubavuni mwa faili la mgonjwa, fundi aliuliza:

"Mwanangu, hapo umeandika nini?"

"URGENT, mama. Yaani la haraka, halingoji hata dakika."

Akashusha pumzi. Kumbe Kizungu nacho kina huruma! Akalikariri lile neno herufi kwa herufi, kwa jicho lilelile analonakilia darizi za watu.

Karani akalichukua faili, akalichomeka chini kabisa ya rundo lililomfika kiunoni. Fundi akasogea, akainama. Kutoka juu hadi sakafuni, kila faili lilikuwa na neno lilelile jekundu.

Akarudi kwenye benchi, akakaa.