Uso wa Majid

Jaifar alionana na baba yake akiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na jambo la kwanza alilofanya baba yake lilikuwa kuangalia chini.

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na sita. Bwana Thabit aliondoka Unguja baada ya mapinduzi, akamwacha Jaifar mchanga mikononi mwa mama yake, kwa ahadi kwamba atawaita akishapata pa kukaa. Alipapata, Maskati, lakini alipata na mke mwingine, na wito haukuja. Miaka ikapita hivyo. Mama alipofariki, mjomba mmoja alimtafutia Jaifar kazi ya fundi umeme bandarini Salala, kusini kabisa ya Omani, naye akahamia huko na mkewe Masouda na binti yao Ruqaya, mtoto wa miaka sita. Bwana Thabit aliposikia kwa watu kuwa mwanawe yupo nchini, alipiga simu.

"Njooni Maskati," alisema. "Nyumba ni yenu."

Akakata simu.

Basi wakashika njia ya kaskazini, kutwa nzima ndani ya gari, jangwa kulia na jangwa kushoto, mpaka wakaingia Azaiba, mtaa wa Maskati alikokaa baba yake. Kulikuwa na baridi wasiyoitegemea. Watoto mtaani walivaa masweta na mvua nyepesi ilikuwa imelowesha vumbi la barabarani. Jaifar alibisha geti. Aliyefungua alikuwa Bi Mastura, mke wa baba yake, mwanamke mnene aliyejitanda kanga, mzaliwa wa Pemba. Alimtazama Jaifar, na mkono wake ukabaki palepale kwenye komeo.

"Umechelewa," alisema taratibu. "Ingia, chakula kinapoa."

Jaifar alidhani anasema juu ya safari. Alipoingia sebuleni ndipo alipoiona picha ukutani, juu ya televisheni. Kanzu haikuwa yake wala kofia haikuwa yake, lakini macho, pua, na ule mtindo wa kuinamisha kichwa upande mmoja, vyote vilikuwa vyake. Masouda naye aliona. Alimvuta mtoto karibu.

"Huyo Majid," alisema Bwana Thabit kutoka kwenye kochi, macho kwenye zulia. "Ndugu yako. Alikwenda kuogelea pwani ya Yiti na wenziwe, mwaka juzi. Bahari haikumrejesha."

Walipewa chumba cha Majid. Nguo zake zilikuwa kabatini, zimepigwa pasi na kufukizwa udi kana kwamba mwenyewe ametoka asubuhi ile. Kesho yake Bi Mastura alileta kanzu moja, akamtaka Jaifar aivae waende kwa majirani. Ilimkaa sawasawa, hata mabegani, ambako mafundi cherehani wote humkosea. Alipokwenda dukani kununua mkate, muuza duka alimwekea mkate juu ya meza, hakumpa mkononi, akarudi nyuma hatua kadhaa. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini alisimama, akasoma kitu kwa kunong'ona, akabadilisha njia.

Jaifar hakukasirika. Tangu utotoni alikuwa mtu asiyetarajiwa popote. Na hapa palikuwa na nyumba ambamo mwanamke alimwekea paja la kuku pembeni ya sahani kabla wengine hawajala. Aliona haya kukiri jinsi lilivyomkolea.

Walirudi Maskati mwezi wa saba. Masouda hakutaka.

"Watu wote wanakuja Salala kulikimbia joto," alisema, "sisi tunakwenda kulifuata."

Lakini Bi Mastura alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa Jaifar alisema ndiyo. Maskati ya kiangazi iliwapokea kwa upepo kama mtu amefunua tanuri. Mitaa ilikuwa mitupu. Watu walijifungia ndani, viyoyozi vikinguruma mchana kutwa, na ndani ya mngurumo ule Bi Mastura alikuwa akizungumza. Alimkaripia Jaifar kwa pikipiki ambayo hakuwahi kuimiliki. Alimuuliza ufunguo wa stoo kauweka wapi.

"Ntautafuta, mama," alijibu Jaifar.

Masouda alimsubiri mpaka walipokuwa peke yao chumbani.

"Unamjibu wa nini?"

"Nimwambie nini, Masouda? Mwanawe kafa?"

"Mwambie wewe Jaifar. Juzi Ruqaya kaniuliza baba ana majina mangapi. Nnaogopa mimi. Usimchezee maiti, hata kama humjui."

Mchana ule ule umeme ulikatika. Jaifar aliinuka, akapita jikoni, akazunguka nyuma ya stoo, akasukuma pembeni mapipa mawili, akafungua kisanduku cha fyuzi. Mkono ukiwa tayari kwenye swichi, alijiuliza ni nani aliyemwonyesha mahali pale. Alijiambia kwamba yeye fundi umeme, na mafundi hujua. Hata hivyo alibaki amesimama kwenye joto lile, swichi hajaipandisha.

Baba yake alimkuta hapo. Kwa mara ya kwanza walikuwa wawili tu.

"Baba, kwa nini hukuniambia kabla sijaja?"

Bwana Thabit alishika ukingo wa pipa. "Ningekwambia nini? Nilikuacha huna hata meno. Sikujua utakuja na uso upi." Kisha akasema, kama anayejitetea mbele ya kadhi, "Kila nikikutazama nawaona nyote wawili, niliyemwacha na niliyempoteza. Siwezi, mwanangu. Niwie radhi."

Mwezi wa kumi joto lilikuwa limevunjika. Watu walikuwa wametoka tena, familia zimetandika mikeka pwani, moshi wa mishikaki kila mahali. Siku ya pili ya ziara hiyo Bi Mastura aliingia sebuleni amevaa baibui lake na viatu.

"Nipeleke Yiti," alimwambia Jaifar.

Bwana Thabit aliinua kichwa. Mkewe hakuwa amekanyaga Yiti tangu siku ile. Lakini hakuzuia, wala hakutaka kufuatana nao.

Walikwenda wanne: Jaifar kwenye usukani, Bi Mastura kando yake, Masouda na mtoto nyuma. Barabara ilipenya kati ya majabali makavu, ikateremka mpaka kijijini, ambako wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu kando ya mashua zao. Mmoja aliinua macho, akaliona gari na aliyeliendesha, akaziacha nyavu zake na kuondoka. Jaifar alisimamisha gari mbele ya maji. Hakuna aliyeshuka.

"Nilikwambia usirudi," alisema Bi Mastura. Alikuwa akiitazama bahari. "Ulinitajia yule msichana, nikakataa, ukapandisha sauti, na mimi nikapandisha yangu. Nikakwambia nenda, na usirudi. Ndo neno la mwisho ulilolisikia kwangu. Umenisamehe?"

Jaifar alitazama kioo. Macho ya Masouda yalikuwa humo, yakimsubiri. Mtoto alikuwa amelala. Jaifar aliwaza kusema, mimi Jaifar, mtoto wa mke aliyeachwa Unguja, sina cha kukusamehe, au ninacho lakini si hicho. Na maneno yalipotoka, yalitoka mepesi, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuizoea.

"Nimekusamehe, mama."

Bi Mastura alilia kilio cha mtu aliyekizuia mpaka kikakomaa. Kisha alishuka peke yake, akaenda kunawa uso kwa maji ya chumvi, akarudi garini na kulala usingizi mpaka Azaiba.

Asubuhi iliyofuata kabati lilikuwa tupu. Nguo zote zilikwishatolewa sadaka. Bi Mastura aliwahamishia chumba cha wageni, akaleta tende na kahawa kwenye sinia la shaba, akaketi mbele ya Jaifar kwa adabu.

"Khabari za Salala, Jaifar?" aliuliza. "Kazi inakwendaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake. Masouda alishusha pumzi, akacheka kidogo kwa faraja. Jaifar aliijibu salamu, akanywa kahawa, na ndani yake kitu kikaporomoka. Wakati wa chakula paja la kuku liliwekwa katikati ya sinia, la yeyote.

Hawakuacha kwenda. Walikwenda kwenye baridi na kwenye joto, mwaka baada ya mwaka, na Bi Mastura alikuwa mwenyeji mwema, mwenye furaha, aliyezidi hata kunenepa. Aliyekonda alikuwa Jaifar. Februari ya mwaka elfu mbili na moja, mvua ikiwa imewafungia ndani, alimuuliza Bi Mastura, Majid alikuwa mtu wa namna gani.

"Majid keshakwenda, mwanangu," alisema Bi Mastura, akimimina kahawa.

"Siku ile Yiti..."

"Nnajua nani alonijibu." Aliliweka buli chini. "Majid akiniita Ummi. Hajaniita mama hata siku moja. Lakini sauti ilikuwa yake, na mimi nilikuwa nnataka kuisikia tu ikisema. Allah akulipe kheri."

"Kwa hiyo yeye hajasema kitu."

"Maiti atasema nini?"

Alimsukumia kikombe, akanyanyuka kwenda kufunga madirisha.

Tangu siku hiyo, kila wakifika Maskati, Jaifar hutafuta sababu ya kwenda Yiti. Husema anakwenda kununua samaki. Masouda hufuatana naye na kubaki garini, mlango wazi. Humwona amekaa juu ya mawe karibu na maji, kichwa upande, midomo ikienda kama anayemngoja mtu amalize kusema ili naye aseme lake. Akiona amekaa mno, humwita, Jaifar bin Thabit, jina zima, tena na tena, mpaka ageuke.