Mafuta ya Jumatano

Mgeni aje, mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakumjua Agnesi wa Kasingirima.

Tangu wamzike Leodgar, mwana wao wa pekee, Agnesi alilala amegeukia ukutani. Hakupika, hakuoga, hakujibu. Majirani wengine walisema ana jini, wengine wakasema ni uvivu. Mdomo hauna mfupa. Mumewe, Castory, alimlisha uji kwa kijiko, naye akameza kidogo kwa kumwonea huruma tu.

Ndipo akaja Diana, mtafiti wa chuo kikuu, na vichupa vya mafuta ya mchaichai. Alitaka kujua kama harufu yake humpunguzia mtu sonona, yaani huzuni isiyomwachia mtu nafasi ya kuishi. Matone machache kwenye pamba, anuse asubuhi na jioni, naye Diana angepita kila Jumatano kumjulia hali.

"Mzee, hatujui kama yanasaidia, ndiyo maana tunayajaribu," alisema. "Akizidiwa, nipigie siku hiyo hiyo. Tutamtoa kwenye majaribio, tumpeleke hospitali."

"Sawa, mwanangu."

Jumatano ya kwanza Castory alirudi kutoka mwaloni, ufukweni anakouza dagaa, akakuta maajabu. Agnesi ameoga, amejifunga kitenge, ameketi mkekani. Diana alipotoa shikamoo, Agnesi alimpigia makofi ya kumkaribisha, Kiha kikamtoka: "Mwidiwe, mwanangu, mwidiwe!" Akacheka. Akamlazimisha ale ugali kwa migebuka, samaki wa ziwani. Alipoulizwa kuhusu usingizi na mawazo, alijibu kwamba hajambo kabisa. Mwanamke aliyelelewa na Waha akaleleka hampokei mgeni akiwa kitandani, wala hamtwishi msiba wake.

Mgeni alipopinda kona tu, Agnesi alivua kitenge akarudi ukutani. Siku zilizofuata Castory ndiye aliyemshikia pamba puani, naye akanusa kwa kuwa hana budi kupumua.

Mambo yakaenda hivyo, Jumatano kwa Jumatano.

"Mzee, mama anapata nafuu!" Diana alisema siku moja, uso umemchangamka.

Castory aliitikia kwa kichwa tu. Alijiambia kwamba ya nyumbani hayatolewi nje. Uongo mtupu, na yeye mwenyewe alijua. Kila Jumatano alinyoa ndevu, akachagua migebuka minono kuliko yote, akawahi nyumbani kama bwana harusi.

Jumatatu moja alikuta kitanda kitupu. Alizunguka mtaa mzima akimwita. Jioni wavuvi wa Kibirizi walimtoa ziwani, wakamleta wamemfunika turubai. Castory alilia mpaka sauti ikakauka, wala hakujali nani anamwona.

Diana alifika baada ya mazishi, mikono mitupu. Aliketi mkekani, akashindwa hata kusalimia vizuri.

"Mzee, mama alikuwa anapona. Nilimwona kwa macho yangu."

"Hakuwa anapona, mwanangu. Alikuwa anakupokea. Ukiondoka tu, analala."

Diana alimkodolea macho. Kisha hasira ikampanda, machozi yakamtoka palepale.

"Na wewe ulijua? Mbona hukuniambia? Ningempeleka hospitali siku hiyo hiyo!"

"Ningekwambia, ungemtoa, usingekuja tena," alisema Castory. "Na mimi nilikuwa na mke siku ulizokuja tu."