Jenerali Adeke na Mkwewe

Miaka ile ya kahawa ya magendo, ukitaka gunia livuke mpaka wa Malaba bila askari kuliona, ulimtafuta Adeke. Waendesha baiskeli wake wenye magunia ya maganda matupu walitangulia, wakiimba nyimbo za kanisa na kupiga kengele kama wendawazimu. Askari wote wakawakimbiza. Kahawa yenyewe ilipita nyuma, pole pole, kama mgonjwa anayepelekwa zahanati.

Sasa siku moja meli ya Himaya ya Nyota ikatua katikati ya uwanja wa malori. Madereva hawakushtuka, walilalamika tu kwamba imeziba njia. Ofisa wa macho matatu akateremka.

"Tunatafuta mtu anayejua kuvusha."

Uwanja mzima ukamwonyesha Adeke.

"Nitakuja," Adeke akasema, "lakini na binti yangu Anyait. Siwezi kumwacha na madereva hawa."

Aliingia jeshini akiwa kuruta. Vita vya kwanza alitanguliza meli tupu zikipiga honi. Adui wakazifuata, na sijui kama wamerudi hata leo. Akawa sajini. Ngome ya pili aliivamia saa ya chakula cha mchana, maana askari wa mpaka ni askari wa mpaka, hata akiwa na mkia. Akawa kapteni. Kabla viatu vya jeshi havijamlegea miguuni, alikuwa jenerali, na cheo kilichobaki juu yake kilikuwa kimoja tu: Jemadari Mkuu.

Mtawala akamwita.

"Jenerali, waasi wamepata kamanda hatari. Niletee kichwa chake, cheo ni chako. Ukishindwa, unarudi Malaba na baiskeli zako."

"Jina lake nani, Mtukufu?"

"Ongodia."

Adeke akakaa chini bila kuambiwa. Ongodia alikuwa kijana wa Malaba, waasi walimchukua palepale uwanjani. Tena ndiye mchumba wa Anyait, na ng'ombe wa mahari walishafika bomani kwa Adeke, wanakula nyasi yake.

Anyait aliposikia, hakulia. Alikunja mikono.

"Mama, ukimuua huyo, mimi nitakaa kwako mpaka nizeeke. Nitapika vibaya kila siku."

"Wewe tayari unapika vibaya."

"Basi nitaongeza."

Asubuhi ya vita, meli za waasi zilijaa angani kama kumbikumbi baada ya mvua. Adeke akaamuru jeshi lake lote libaki nyuma. Akapanda meli ndogo ya wazi, akavua kofia ya chuma, akafunga kitambaa kichwani, akaenda mbele peke yake.

Kwenye meli kubwa ya waasi, msaidizi akacheka. "Boss, wametuma mama mmoja. Tupige?"

Ongodia akachungulia kwenye darubini. Akaitupa kama imemuunguza.

"Geuza meli!"

"Boss?"

"Geuza, nimesema! Ni mama mkwe!"

Kwetu Wateso, mkwe wa kiume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Wakikaribiana njiani, kijana anaingia porini. Huko juu pori hakuna, kwa hiyo Ongodia aliingia nyuma ya sayari, amejifunika blanketi, na jeshi lake lote likamfuata. Adeke akizunguka kulia, wao wanazunguka kulia. Akiharakisha, wanaharakisha. Mwishowe wakaishiwa mafuta, wakainua bendera nyeupe, Ongodia akiwa bado chini ya blanketi.

"Kichwa kiko wapi?" Mtawala akauliza.

"Kimeinama, Mtukufu."

"Nilisema ukilete!"

"Nikikileta, mimi na yeye tutaonana. Hiyo haiwezekani."

Mtawala akavuta ndevu zake za kijani. "Na akianza vita tena?"

"Ataanzaje? Wataoana Jumamosi. Nitakuwa naenda kumsalimia binti yangu, tena bila kutoa taarifa. Kila nikitokea, lazima ahame na jeshi lake. Mtu wa kuhama hivyo atapigana saa ngapi?"

Mtawala alimvisha cheo cha Jemadari Mkuu siku hiyohiyo. Usiku Ongodia alituma salamu kwa Anyait, za kumwomba amuulize mama, kwa heshima zote, huko kusalimia anapanga kukaa muda gani.

"Mwambie," Adeke akasema, "nafunga mizigo."