Mihogo Iliyokataa Kuoza

Niliuvuta muhogo kutoka majini nikiwa nimeshaziba pua, maana muhogo uliolowekwa vizuri una harufu ya kumfukuza mgeni. Ulitakiwa uwe umelainika, ukiubana uvunjike mkononi. Huu haukuvunjika. Ulikuwa mgumu na mweupe kana kwamba umemenywa dakika ileile, na wakati huo ulishakaa majini karibu wiki nzima. Nikaachia pua nikaunusa. Haukunuka muhogo, haukunuka ziwa. Ulikuwa na harufu ninayoijua vizuri, ila ninaijua ya mahali pengine kabisa, ya chumba chenye mlango wa chuma ambacho siingii bila barakoa.

"Umeona ulivyo mweupe, Mama Precious?" mama mkwe wangu, Dorotea, aliniuliza kwa nyuma. "Sokoni Nyegezi wananigombania mimi!"

Nikageuka ili nimjibu. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi asubuhi nzima.

Ndipo nikasikia kimya. Mwezi ule vyura wangepaswa kupiga kelele hadi mtu achoke. Hakuna chura. Hakuna yangeyange kwenye mawe. Kwa mbali wale wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi, lakini lile wingu lao lilipofika usawa wetu likakata kona, likapita pembeni. Maji ya pale yalikuwa maangavu, unaona mchanga hadi chini, na chini hapakuwa na kitu chochote kinachotikisika. Nilimkaza mwanangu mgongoni, nikamwambia mama tuondoke. Akanicheka. Alisema uzazi umenifanya mwoga.

Mahali pale tulipaita Mdomoni. Kituo cha umeme kinavuta maji ya ziwa kupoza mitambo, halafu yanarudi kupitia mfereji yakiwa ya uvuguvugu. Wanawake wa kijiji walikuwa wamegundua zamani kwamba mihogo ikilowekwa kwenye uvuguvugu ule inaoza haraka kuliko kwenye vidimbwi vyetu, nao wakahamia hapo na mihogo yao, kila mmoja na mawe yake ya kukandamizia, ya mama mkwe wangu yakiwa karibu kabisa na mdomo wa mfereji. Mihogo ya kwetu ni michungu, ina sumu yake, na dawa ya sumu hiyo ni kuoza. Ikishaoza unaianika, unaitwanga, unapata udaga. Jambo hili kila mtoto wa kike analijua kabla hajaota meno ya ukubwa.

Na mimi nilikuwa mtu wa kituo hichohicho, fundi wa maji. Kazi yetu ni kutia klorini kwenye mabomba ili konokono na utelezi visizibe njia. Unatia kidogo, kwa vipindi, na kabla maji hayajarudi ziwani unaizima kwa dawa nyingine. Lakini wakati ule nilikuwa likizo ya uzazi.

Siku chache baada ya pale, jirani yetu Modesta alikula ugali wa unga wa mama mkwe wangu, ambaye weupe ule ulimdanganya akaitwanga mihogo hivyohivyo. Kabla hajanawa mikono alianza kutapika, kichwa kikamzunguka, miguu ikakataa kumbeba. Alipelekwa hospitali na Mungu akamrudisha. Ila maneno yalibaki kijijini. Mihogo ya Dorotea haiozi. Samaki wanaelea pale anapoloweka. Na macho yake, jamani, mmeyatazama macho yake?

Asiyezaliwa kwetu anaweza kudhani hayo ni umbea tu. Kwetu, bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na hafi kwa uzee.

Mashimba, mkuu wa sungusungu wanaolinda kijiji, alikuja mchana kweupe. Mama alimpa kigoda, hakukaa. Alimletea maji ya kunywa, hakuyagusa. Aliyatazama tu yale maji ndani ya kikombe.

"Mama, Jumapili baada ya misa, kwenye ghala la pamba," alisema. "Uje."

Alipoondoka, mama mkwe alikichukua kikombe, akamwaga maji taratibu chini ya mgomba, akakiosha na kukiosha tena. Ghalani ndiko sungusungu wanakohukumu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kujifungua.

Kesho yake nilikwenda kituoni na mtoto mgongoni. Injinia Alexander, bosi wangu, hakunificha kitu, labda kwa uchovu.

"Konokono walijaa kwenye mabomba, Gladness. Nimefungua klorini, inakwenda muda wote. Dawa ya kuizima imeisha, tunasubiri mzigo."

"Kwa hiyo maji yanatoka hivyohivyo?"

"Ziwa ni kubwa. Linameza."

Nikamweleza yote: mihogo, Modesta, ghala la pamba. Alichezea funguo za chumba cha klorini.

"Unataka nisimame mbele ya wanakijiji niseme wachawi ni sisi?"

"Ndiyo. Useme hivyohivyo."

"Nina watoto wanaotegemea kazi hii," alisema.

"Na mimi nina mama mkwe mmoja."

Alisema ataangalia. Niliondoka na kichupa cha dawa ya kupimia, na moyo mzito.

Jumapili Alexander hakutokea. Watu walijaa hadi nje ya ghala, mama mkwe kasimamishwa katikati na khanga yake ya kanisani. Nikaomba kusema. Nilikuwa nimechota maji ya Mdomoni kwenye glasi, nikawaambia ndani yake mna dawa ya kituo, na nitawaonyesha. Nikadondosha matone. Maji yakageuka mekundu.

Lo! Wekundu ule ni alama ya klorini, nilidhani nimeleta ushahidi.

"Damu!" mwanamke mmoja alipiga ukunga, na umati wote ukarudi nyuma kwa kishindo. Mashimba alisimama. Hakumtazama tena mama mkwe, alinitazama mimi na mtoto niliyembeba.

"Na wewe umefundishwa na nani?"

Aliyenijibia ni Dorotea, kwa sauti ileile ya kuniuliza kama chumvi imetosha.

"Mashimba, mimi kila asubuhi nanawa uso pale Mdomoni. Twende na wewe ukanawe. Au mwanaume mzima unaogopa maji?"

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Mashimba asingeweza kukataa mbele ya watu wote wale. Tukateremka kijiji kizima hadi ziwani.

Mdomoni tulimkuta Alexander, maji yamemfika magotini, ana gunia. Alikuwa anaokota samaki waliokufa. Hakuja kukiri, alikuja kusafisha kabla hatujaona. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu kama ya mama mkwe wangu.

Mashimba aliinama akanawa. Akanawa tena, kwa hasira, akijisugua hadi shingoni. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Yanawasha," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Alexander aliliachia gunia. "Ni dawa yetu," alisema. "Si huyu mama. Ni sisi." Nami nikamalizia: dawa imeua kile kinachoozesha, muhogo usipooza unabaki na sumu yake, na sumu hiyo ndiyo iliyomwangusha Modesta.

Klorini ilifungwa jioni ile. Dawa ya kuizima ililetwa, na niliporudi kazini nilianza kupima maji pale pale Mdomoni yanapomwagika, si ndani ya uzio. Wanawake walirudi kwenye vidimbwi vyao. Mvua zilipoanza, vyura wakapiga kelele usiku kucha, nami nikalia kwa furaha kitandani kama mjinga. Mashimba alileta mbuzi, akaomba radhi, akakaribishwa chakula. Alikaa kwenye kigoda, akanawa mikono, akashukuru. Halafu akasubiri. Mama mkwe alimega tonge, akalimeza, ndipo naye akapeleka mkono.

Tangu hapo wote hufanya hivyo. Modesta, mashemeji, hata padri alipotutembelea. Wanampenda, wanamsalimia, wanamsifia udaga wake unaonuka inavyotakiwa. Ila hakuna anayetangulia. Yeye hajawahi kulisema hilo hata mara moja. Macho yake hayakurudi kuwa meupe sawasawa.

Sasa Precious anasoma darasa la kwanza. Hakuna aliyemsimulia habari hizi, nimehakikisha. Juzi tulikwenda kwa bibi yake, ugali ukatengwa, nikamwambia mwanangu ale kwani alikuwa analalamika njaa njiani tangu Butimba. Mkono wake ulibaki hewani juu ya sahani. Alikuwa anatazama koo la bibi yake.

Dorotea aliona. Akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akameza, akafungua mdomo wazi ili mtoto aone.

"Haya, mjukuu wangu," alisema. "Kula."