Mwombaji wa Kwanza Hakufika

Barua ilisema saa nne kamili asubuhi, ghorofa ya tatu, nije na vyeti halisi. Mimi saa tatu na nusu nilikuwa nimeshafika, bahasha kwapani, viatu nimevipiga dawa mpaka vinang'aa. Na nani alikuwepo kunipokea? Hakuna. Meza ya mapokezi tupu, kiti kimegeuziwa ukutani, kikombe cha chai ya jana kimefanya utando juu. Ala! Ofisi inatafuta mtu wa mapokezi, na siku yenyewe ya kumtafuta haina wa kumpokea mtu. Ningekuwa na akili ningegeuka pale pale nikarudi zangu nyumbani.

Lakini nyumbani ndiko nilikokuwa nakimbia, nisiseme uongo. Si njaa iliyonitoa. Marehemu mume wangu aliacha kinachonitosha, na mimi mwenyewe ni mla kidogo. Nilikaa meza ya mapokezi ya kiwanda cha uchapaji miaka ishirini na miwili, watu mia wananipita kila asubuhi na wote wananisalimia, hadi kiwanda kikafungwa. Mwaka uliofuata mume wangu naye akanitoka. Binti yangu ameolewa mbali, hunipigia simu Jumapili: mama hujambo, watoto hawajambo, haya mama. Siku sita zilizobaki ni mimi na friji. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Cha kwangu hakina mshindo wowote, kipo tu, kinaniangalia ninavyokula. Kuna wiki moja nilijichunguza nikaona toka Jumatatu hadi Alhamisi nimesema maneno matano, yote dukani. Nilitaka kazi ili asubuhi niwe na pa kwenda, na mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Basi. Hiyo ndiyo haja yangu yote, na kwenye barua ya maombi huwezi kuiandika.

Robo saa ikapita, akatokea bwana mmoja anakimbia, shati limechomoka upande, mafaili yamemjaa kifuani. Huyo ndiye afisa utumishi.

"Umefika! Afadhali," akasema. "Wakala wa vibarua alituahidi mtu wa kushika meza toka saa mbili, tukajua mmetutupa. Hebu kaa hapo, dakika tano tu, nikatafute chumba cha usaili."

Nikafungua mdomo nimwambie, bwana wee, mimi siye, mimi ni mwombaji. Simu ya mezani ikalia.

Sasa niwaeleze ugonjwa wangu. Simu ikilia mara ya tatu haijapokelewa, mwili mzima unaniwasha. Kiwandani walikuwa wananitania kwamba hata msibani ningepokea, na kweli nilipokea. Mkono ukatangulia mdomo. "Habari za asubuhi, mapokezi." Nilipogeuka, Bwana Dakika Tano alikuwa ameshapotea, kaniachia orodha ya waombaji mezani. Majina saba. La kwanza, langu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa kabla sijaketi.

Wenzangu wakaanza kufika mmoja mmoja. Wote wakaja mezani kwangu, "Samahani mama, usaili ni hapa?" Nikawaonyesha viti. Baada ya muda Bwana Dakika Tano akaja akavibeba viti vinne, maana chumba cha mkutano kilikuwa na mkutano, na jopo la wasaili limehamia stoo ambako hakuna hata kigoda. Waombaji wakasimama. Jopo likatoka stoo, vumbi limewazidi, likaingia chumba cha mhasibu. Mhasibu akalitoa. Mwisho wakajibanza kwenye kijichumba cha vinywaji, nyuma yangu kabisa, mlango haufungiki, kila neno nalisikia.

Mwenyekiti wao, mama mmoja wa miwani, akachungulia. "Haya, wa kwanza aingie!"

Nikasimama. Nikanyoosha gauni, nikachukua bahasha. "Wa kwanza ni mi..."

"Aa, wewe kaa, mama. Simu atapokea nani? Tuletee wa kwanza tu."

Na ile simu, mwanaharamu, ikalia. Nilipoiweka chini, wa pili alikuwa ameshaingia. Maskini ya Mungu, walimuuliza ana leseni ya daraja gani na kama ameshawahi kuendesha lori. Kumbe wamebeba maswali ya madereva ya wiki iliyopita! Alitoka jasho linamchuruzika, akaniuliza mimi kama ajifunze udereva. Nikamwambia apumzike kwanza.

Najua mtauliza, mbona hukuwaambia? Sauti ninayo, tena ya kusikika hadi barabarani. Kwenye saa saba nilimfuata Bwana Dakika Tano na orodha. "Afisa, huyu wa kwanza hapa..."

"Hajafika hadi sasa? Watu wengine bwana! Mkate tu." Akaninyang'anya kalamu, akachora mstari juu ya jina langu, mimi nimesimama namwona. Kisha akakimbilia karatasi zake.

Hapo ningepiga kelele. Sikupiga, na sababu naijua. Nilikuwa nafurahi. Mpeleka barua ameshanitania kuwa kikombe cha jana nimekifukuza kama mpangaji mbaya. Mteja mmoja alikuja anafoka kwamba mzigo wake umepotea, nikampa kiti changu mwenyewe, nikampa maji, nikapiga simu mbili, mzigo ukaonekana, akaondoka ananiita dada. Ningesema mimi ni mwombaji, wangeniondoa mezani wanipeleke kule ukutani, na waliosimama ukutani hakuna aliyewauliza lolote. Tena nikajidanganya: si ndiyo kazi yenyewe hii? Si ninaifanya mbele ya macho yao? Wakimaliza wataniona tu. Mtu mzima mimi, nikajipa moyo kama mtoto.

Wa mwisho alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, karatasi zake anazipanga na kuzipangua. Kamba ya kiatu ilikuwa imekatika ngazini. Nikaibana kwa stepla, pini nikazigeuzia nje zisimchome.

"Wanauliza nini, mama?"

"Wanauliza wanachokikuta mezani. Lakini wakikuuliza mgeni mwenye hasira utamfanya nini, sema kwanza utampa kiti. Mtu aliyekaa hafoki vizuri."

Akacheka, mara ya kwanza. Akaingia.

Saa tisa jopo likatoka linajinyoosha. Mama wa miwani akaniwekea mkono begani. "Mama, leo umetuokoa. Wakala atuletee wewe tu siku zote."

"Mimi sikuletwa na wakala," nikasema. "Mimi ndiye mwombaji wa kwanza. Yule mliyemkata."

Bwana Dakika Tano akaangalia orodha, akaniangalia mimi, akarudi kwenye orodha. "Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema mara mbili. Mlikuwa na haraka."

Mwenyekiti akavua miwani. Aliona aibu, hilo sitamnyima. "Pole sana, mama. Ila tumeshaamua na tumeshasaini. Maji yakimwagika hayazoleki. Halafu, kusema kweli, tulikuwa tunatafuta mtu wa kukaa nasi miaka mingi." Akaharakisha. "Yule binti wa mwisho kaonyesha busara. Tuliuliza kuhusu mgeni mwenye hasira, wengine wote wakasema watamwita mlinzi. Yeye akasema kwanza atampa kiti."

Nilishikwa na hasira, ndiyo, na wivu pia, wivu wa kumwonea mtoto wa watu niliyembania kiatu kwa mikono yangu. Nikachukua bahasha yangu niondoke.

"Basi, mama," akasema Bwana Dakika Tano, hata haya hana, "kwa kuwa uko hapo hapo mezani, hebu tupigie huyo binti kabla hajafika mbali. Mwambie Jumatatu saa mbili."

Jamani! Ningeweza kumrushia ile simu. Lakini binti hakunikosea. Na kingine, nitakisema hata kama kinaniaibisha: ilikuwa Jumanne, na hadi Jumapili sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Nikabonyeza namba.

Alipiga ukelele nikaondoa simu sikioni. Akalia, akacheka, akaita watu waliokuwa karibu naye awaambie. Niliwasikia wakishangilia, wengi, na mtoto mmoja anauliza kuna nini. Kisha akarudi kwangu.

"Ni wewe, mama wa mezani? Nimeijua sauti. Shikamoo, nilisahau hata kukuamkia, na asante. Mama, Jumatatu nitakukuta, sivyo? Maana pale simjui mtu mwingine."

Miaka ishirini na miwili niliwasemea mabosi uongo ule ule, kila siku, bila kupepesa macho. Sijawahi kujisemea mwenyewe.

"Jumatatu nitakuwa nimetoka kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Wewe kaa tu, anza kazi."